Nyota Kubwa Hulishwa Kutoka Mbali

Jua letu lina akiba ya kuwaka kwa takriban miaka bilioni 10. Nyota yenye tungamo mara 20 ya Jua humaliza akiba yake kwa miaka milioni 10 hivi tu, kisha hulipuka. Nyota za namna hii ni chache, ziko mbali, na huzaliwa zikiwa zimefunikwa gubigubi na vumbi. Kuiona moja ikiwa tumboni ni bahati kubwa.

Wanaastronomia walibishana kwa miaka mingi. Je, nyota kubwa hutokana na bonge moja la gesi lililojikusanyia kila kitu mapema, au bonge huanza dogo likaendelea kulishwa?

Wingu liitwalo SDC335, lililo umbali wa miaka ya nuru 11,000 hivi, lilitoa ushahidi mzito. Mwaka 2013 timu iliyoongozwa na Nicolas Peretto ililichunguza kwa ALMA, mkusanyiko wa antena za redio katika jangwa la Atacama, Chile. Gesi ya wingu hilo imejipanga katika nyuzi ndefu zinazokutana katikati, kama vijito vinavyomwaga maji katika ziwa moja. Pale zinapokutana pana bonge lenye tungamo zaidi ya mara 500 ya Jua.

Mwendo wa gesi hujulikanaje? Kila aina ya molekuli hutoa mawimbi ya redio ya masafa yake maalumu. Gesi ikitujia, mawimbi hubanana. Ikienda mbali nasi, hutanuka, kama honi ya basi inavyobadilika sauti likikupita barabarani. Mawimbi ya SDC335 yalionyesha wingu zima likiporomoka kuelekea katikati.

Baridi kali husaidia sana wingu kuporomoka. Ndani ya mawingu kama haya halijoto hukaribia selisiasi 260 chini ya sifuri, na gesi baridi haina msukumo wa kutosha kukinza uvutano wake yenyewe.

Kwa ushahidi huo, wazo la kulishwa kutoka mbali lina nguvu zaidi.

Msomaji anaweza kutazama kwa macho yake mahali nyota kubwa zilikozaliwa. Chini ya mkanda wa Jabari, kundi la nyota ambalo wengine huliita Orion, kuna doa lenye ukungu. Hapo, kandokando ya uzi mrefu wa gesi, inang'aa Theta 1 Orionis C, nyota yenye tungamo zaidi ya mara 30 ya Jua.