PAMPU YA BAISKELI: JINSI YA KUCHAGUA

Katika vyama vingi vya msingi, maziwa ya wanachama hufika kituoni kwa baiskeli. Mwenye mzigo huo akipata pancha njiani hana muda wa kupoteza, kwani maziwa yasiyopozwa huharibika kwa saa chache, na yakichacha hukataliwa. Akiamua kuendelea bila upepo, rimu hukata tairi na mpira wa ndani. Kwa hiyo inafaa kila katibu ajue pampu ipi inunuliwe.

Jambo la kwanza ni valvu. Baiskeli nyingi za mizigo zina valvu ya kizamani, yenye nati na kijiti kilichovikwa kipira chembamba. Nyingine zina valvu kama ya gari, yenye pini katikati. Pampu isiyopatana na valvu haina faida. Hivyo mnunuzi aende dukani na baiskeli yenyewe.

Jambo la pili ni unene. Pampu nene hutia hewa nyingi kwa kila msukumo, lakini huwa nzito kadiri tairi linavyojaa. Tairi likifikia paundi 50 kwa inchi ya mraba, pampu yenye upana wa milimita 20 ndani huhitaji msukumo wa kilo 11 hivi. Ya milimita 30 huhitaji kilo 25. Kwa safari, nyembamba ndiyo bora, ingawa hudai misukumo mingi zaidi. Ile nene ya kusimama, inayokanyagwa kwa miguu, iwekwe kituoni, ambako mtu huweza kuielemea kwa uzito wa mwili wake.

Jambo la tatu ni matengenezo. Ichaguliwe pampu inayofunguka, ili ngozi iliyomo ndani iweze kutiwa mafuta au kubadilishwa. Ngozi ikikauka husinyaa, na hewa hurudi nyuma. Kabla ya kulipa, mnunuzi azibe tundu la pampu kwa kidole gumba, kisha asukume: pampu nzima hugoma, mbovu huteleza hadi mwisho.

Viko pia vichupa vya gesi ya kaboni dioksaidi. Kichupa cha gramu 16 hujaza tairi kwa sekunde chache, lakini hutumika mara moja tu, na gesi yake hupenya mpira upesi kuliko hewa. Mwenye pancha mbili katika safari moja hatasaidiwa nacho, wala si rahisi kukipata vijijini.

Pampu peke yake haizibi tundu. Pamoja nayo vichukuliwe viraka, solusheni, msasa na kipira cha akiba cha valvu. Kamati za vyama zinashauriwa kuviandika vifaa hivi katika daftari la mali, na makatibu wavikague kila mwezi, ili visije vikatafutwa siku ambayo maziwa yamekwisha kukwama njiani.