Mbeba Joto wa Gudele

Bonge la barafu la kilo 25 linapotolewa kwenye kopo lake la bati huwa na rangi mbili. Pembeni ni angavu kama kioo, katikati lina mstari mweupe kama maziwa. Wateja wetu hapa Gudele, mjini Juba, wengi wao wauza samaki na wauza soda, hudhani weupe ule ni uchafu, na kuna mama mmoja wa samaki ambaye kila asubuhi huniomba nimchagulie bonge "lililonawa". Si uchafu. Maji huganda kutoka nje kwenda ndani, na kila tabaka linaloganda husukuma mbele yake hewa na madini ya kisima, mpaka yanakutana katikati na kukosa pa kukimbilia. Hapo ndipo hufungiwa.

Hiyo ndiyo kazi yangu, kugandisha maji katika mji ambao Februari na Machi joto hupita nyuzi 37 kivulini. Nyumbani mimi ni baba wa mvulana wa miaka 11 niliyemwambukiza mapenzi ya magongo ya barafuni. Mechi inayoanza Toronto saa 1 usiku, katika majira yao ya baridi, kwetu Juba huwa saa 8 usiku. Saa 10 alfajiri natakiwa kiwandani. Kwa hiyo tunatazama kipindi cha kwanza kwenye simu, sauti ikiwa chini ili mama yake asiamke, kisha yeye hurudi kulala na mimi huvaa buti. Usiku mmoja aliniuliza: "Baba, wewe unatengeneza barafu kila siku. Kwa nini hatuna uwanja?"

Sudani Kusini haina uwanja wa barafu. Lakini swali la mtoto lilikuwa la haki, na jibu lake ni pana kuliko "hapa ni joto".

Tuanze na jambo ambalo hata mafundi wengine husahau. Hakuna mashine inayotengeneza baridi. Baridi si kitu cha kutengenezwa; kilichopo ni joto, na kazi yetu ni kulichukua mahali na kwenda kulimwaga pengine. Kompresa inaisukuma gesi izunguke: upande mmoja gesi hiyo, ikiwa kimiminika, inachemka na kunyonya joto la maji ya chumvi yanayoyazunguka makopo, upande wa pili inabanwa, inapata moto, na kulitupa joto lile nje kwenye kondensa. Simama nyuma ya kiwanda chochote cha barafu utakutana na upepo wa moto. Lile ndilo joto lililokuwa ndani ya maji.

Na ni joto jingi. Kuyagandisha maji ambayo tayari yamefika nyuzi sifuri kunahitaji kuondoa joto sawa na lile la kuyapasha maji hayohayo kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Yaani maji hayo yamesimama mlangoni pa barafu, kipimajoto hakisogei hata kidogo, na bado mtambo unahemea. Ukianza na maji ya kisima yenye nyuzi 30, bonge moja la kilo 25 linadai uondoe joto la takriban kilowati-saa 3.2. Umeme wenyewe utakaotumia ni pungufu ya hapo, kwa sababu kompresa haizalishi joto lile, inalibeba tu. Mzigo huo hutegemea umbali kati ya baridi ya ndani na joto la nje: kadiri nje kulivyo na joto zaidi, ndivyo mtambo unavyofanana na mtu anayeupanda mlima wa Jebel Kujur na dumu la maji begani. Fundi wa Nairobi anapanda kilima. Sisi tunapanda mlima.

Wazo la kuyatandaza maji sakafuni na kuyagandisha kwa mashine lilizaliwa na watu wa kazi kama yangu. John Gamgee, daktari wa mifugo wa Uingereza, alikuwa anatafuta njia ya kugandisha nyama ili isafirishwe kwa meli kutoka Australia na New Zealand bila kuoza. Katika majaribio yale akapata njia ya kugandisha sakafu, na mwaka 1876 akafungua London uwanja ulioitwa Glaciarium, wa kwanza duniani kugandishwa kwa mashine. Chini kulikuwa na zege, juu yake udongo, manyoya ya ng'ombe na mbao, kisha mabomba ya shaba. Manyoya yale yalifanya kazi ileile ya pumba za mbao na magunia tunayofunikia mabonge kwenye toroli: kuzuia joto lisiingie. Nilipomweleza mwanangu kwamba uwanja wa kwanza ulikaa juu ya manyoya ya ng'ombe alicheka mpaka akaketi chini. Katika nchi ya wafugaji, habari kama hiyo haipiti hivihivi.

Kisa cha ndugu Zamboni kinanigusa zaidi. Frank Zamboni na nduguye walikuwa na kiwanda cha mabonge ya barafu katika mji wa Paramount, California. Friji za umeme zilipoingia majumbani, mabonge yakakosa wanunuzi. Walikuwa na mitambo, walikuwa na ujuzi, hawakuwa na soko. Mwaka 1940 wakafungua uwanja wa kuteleza. Kusawazisha barafu iliyochanwa na viatu kuliwatesa vibarua kwa zaidi ya saa moja kila mara, na mwaka 1949 Frank akakamilisha gari linalokwangua, linaloosha na kumwaga maji mapya kwa safari moja. Jina lake ndilo linaloandikwa kwenye magari hayo hadi leo. Huku kwetu soko la mabonge bado lipo, kwa sababu friji bila umeme wa uhakika ni kabati tu.

Sasa tupige hesabu ya uwanja. Uwanja wa magongo wa kimataifa una urefu wa mita 60, na upana wake hufika mita 30. Barafu yake ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani, sentimita 3 hivi. Hiyo ni karibu tani 50 za barafu, au mabonge yetu 2,000. Mwanangu alipoona namba hiyo macho yalimtoka: mabonge 2,000 si mengi! Kweli, si mengi. Kiwanda kidogo kikijipanga kingeweza kuyagandisha. Ila bonge langu likishauzwa limekuwa shida ya mnunuzi, lakini barafu ya uwanja hainunuliwi, inakaa palepale, na joto haliachi kuijia. Linatoka darini, kwenye taa, kwenye miili ya wachezaji, chini ardhini, na kwenye maji ya moto ya kusawazishia. Ndiyo maana uwanja mkubwa wa ndani hujengewa mitambo ya kuondoa joto la takriban kilowati 300. Ikifanya kazi kwa nguvu zote, ni kama kugandisha mabonge 90 mapya kila saa, ilhali barafu haiongezeki hata kidogo.

Na adui mkubwa kuliko jua ni unyevu. Hili nalisisitiza kwa sababu kila ninayezungumza naye hutaja jua. Jua unaliwekea paa. Unyevu hupita mlangoni pamoja na watu. Kilo moja ya mvuke wa hewani inapotua juu ya barafu na kuganda, inaachia joto la kutosha kugandisha kilo 6 za maji ya kisima chetu. Kilo 6! Hewa ya Juba kuanzia Aprili hadi Oktoba, wakati wa mvua, imejaa mvuke huo. Bila mashine za kukausha hewa uwanja ungejaa ukungu, dari lingedondosha matone, na kila tone lingeacha kinundu cha kumwangusha mtoto.

Nairobi imeweza. Hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa, ilifungua uwanja wake wa barafu mwaka 2005, na humo ndimo ilimozaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Nairobi iko juu ya mita 1,700 na joto lake mara chache hupita nyuzi 30; Juba tuko kwenye mita 550 hivi. Uwanja wa Panari ni mdogo kuliko uwanja rasmi, na vijana wale walijifunza kupiga kona na kusimama ghafla katika nafasi finyu. Mwaka 2018 walisafirishwa hadi Toronto, wakavaa sare mpya, na nyota wawili wa ligi ya NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi za Ice Lions na kucheza upande wao. Mwanangu ameitazama filamu fupi ya safari ile mara nyingi mno. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Magongo ya Barafuni. Mimi nikiitazama filamu hiyo macho yangu huenda pembeni, kwenye ukingo wa barafu, namtafuta fundi.

Maana fundi wa uwanja na mimi tuna asubuhi moja. Yeye hufika kabla ya watu, husoma geji za presha, hupima joto la maji ya chumvi au glaikoli yanayopita chini ya sakafu, hutoboa barafu hapa na pale kuona unene. Kwa magongo huishusha hadi nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri iwe ngumu. Wanaocheza dansi ya barafuni hupenda laini kidogo, ili kisu cha kiatu kishike wanapotua. Mimi hupima chumvi ya tangi langu, huinua makopo, huyatumbukiza kidogo katika maji ya kawaida ili mabonge yaachie. Mchana nakuwa na mgonjwa mmoja tu, kondensa. Vumbi la barabara za Gudele hulala juu yake kama blanketi, presha inapanda, dizeli inaondoka, na barafu inachelewa. Mwenye friji dukani, sikiliza: kabla ya kumwita fundi aongeze gesi, safisha zile nyavu za nyuma kwa brashi laini. Nimeitwa mara nyingi kwenye friji ambazo hazikuwa na ugonjwa mwingine.

Kuna jambo la pili tunaloshirikiana, nalo ni hatari. Viwanja vingi na viwanda vingi vya barafu hutumia amonia, gesi inayobeba joto vizuri sana na inayoua. Oktoba 2017, katika mji wa Fernie nchini Kanada, wanaume watatu walikufa kazini katika uwanja wa barafu. Bomba chakavu ndani ya mtambo lilikuwa linavujisha amonia kwenye maji ya chumvi. Uvujaji ulikuwa umeonekana miezi kadhaa kabla, mtambo ukazimwa, kisha ukawashwa tena. Nimesoma habari ile zaidi ya mara moja. Harufu ya amonia ikikupiga, unatoka kwanza, unauliza baadaye. Na penye jenereta ndani ya chumba kilichofungwa kuna gesi nyingine, ya moshi, isiyo na harufu kabisa. Nyumbani kwangu jenereta hukaa nje, hata kama mvua inanyesha na lazima nilijengee kibanda.

Hatukuweza kujenga uwanja, mwanangu na mimi, lakini Jumapili moja ya Agosti tulijenga kipande. Nilikunja kingo za bati la mita moja, tukaliweka sawasawa juu ya maji ya chumvi ya tangi. Tulichemsha maji kwanza, maana kuchemsha hufukuza hewa ile inayoleta weupe. Kisha tukamwaga kidogo kidogo, tabaka jembamba, tukasubiri ligande, tukamwaga lingine. Barafu ikiongezeka unene mara mbili, muda wa kuganda huwa mara nne, kwa hiyo mwenye haraka hushindwa. Tabaka la tano lilitoka angavu, unaona msumari wa bati chini yake. Akachukua kifuniko cha soda na rula, akapiga. Kifuniko kilikwenda hadi ukingoni na kurudi, bila sauti.

Alipiga kama mara kumi. Kisha mlango wa kiwanda ukafunguliwa, mteja akaingia na hewa ya mvua nyuma yake, na mbele ya macho yetu uwanja ukaota manyoya meupe. Kifuniko kikakwama katikati. Sikumwambia afanye nini. Aliikwangua barafu kwa ubavu wa rula, akapuliza vumbi lake, akachovya kitambaa katika maji ya moto yaliyobaki kwenye birika, akapangusa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha akanipa ishara nifunge mlango.