Flight Simulator X Inataka Kompyuta ya Aina Gani?

Flight Simulator X ilipotoka Oktoba 2006, Microsoft ilisema kwamba prosesa ya gigahezi 1, ramu ya megabaiti 256 kwa wenye Windows XP na kadi ya picha ya megabaiti 32 zingetosha kuiendesha. Leo hata simu ya bei ya chini ina nguvu kuliko hiyo. Hata hivyo, mtu anaweza kununua kompyuta ya gharama kubwa, akaiwekea simuleta hii ya kurusha ndege, akapaa juu ya mji mkubwa akiwa amefungulia majengo, miti na magari hadi mwisho, na picha ikaanza kukwama. Mwenzake aliyenunua kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini, kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, anaweza kuruka kwa ulaini zaidi.

Hilo lina sababu, na sababu hiyo inaeleweka bila kuwa fundi. Simuleta ya zamani hubanwa mahali pamoja, na fedha isiyofika mahali hapo haileti nafuu yoyote. Anayetaka kununua au kuboresha kompyuta kwa ajili yake apajue kwanza hapo panapobana.

Kwa nini bado inatakiwa

Simuleta ya Microsoft iliyotoka Agosti 2020 inahitaji takribani gigabaiti 150 za diski, na mandhari yake nzuri kuliko zote huvutwa kutoka intaneti wakati ndege iko angani. Anayenunua bando kwa siku hawezi kuibeba gharama hiyo. Flight Simulator X ilikuja na dunia nzima ndani yake, viwanja vya ndege takribani 24,000, Wilson ya Nairobi na Kilimanjaro vikiwemo. Ukishaiweka, unaruka bila mtandao. Kwa kijana anayejifunza kusoma vyombo vya ndege, kufuata njia ya kutua na kuzoea mpangilio wa kazi za rubani, bado ni chombo cha maana.

Ilivyoandikwa ndivyo inavyobanwa

Waandishi wake, kikosi cha ACES ndani ya Microsoft, waliifanyia kazi katika miaka ambayo njia ya maendeleo ya kompyuta ilionekana kuwa moja: kasi ya saa ya prosesa ingeendelea kupanda. Pentium 4, prosesa ya Intel, ilizaliwa mwaka 2000 ikiwa na gigahezi 1.5, na mwaka 2004 ilikuwa imefika 3.8. Hapo joto likaizuia. Mwaka huohuo Intel iliachana na mpango wa kuitoa Pentium 4 ya gigahezi 4, na Julai 2006 ikaleta Core 2 Duo, prosesa yenye viini viwili vinavyofanya hesabu sambamba. Miezi mitatu baadaye simuleta ikaingia sokoni, ikiwa imeandikwa kwa dunia ya kiini kimoja kinachozidi kuwa na kasi.

Sasisho la Mei 2007 lilirekebisha sehemu ya tatizo: kazi ya kupakia picha za ardhi ikagawiwa viini vingine. Lakini mwendo wa ndege, hali ya hewa, ndege nyingine angani, magari barabarani, na maagizo yanayopelekwa kwa kadi ya picha vilibaki katika mstari mmoja wa kazi, unaoendeshwa na kiini kimoja. Hesabu hizi zinategemeana. Kompyuta haiwezi kuchora bawa kabla ya kujua ndege imeinama kiasi gani, wala kujua imeinama kiasi gani kabla ya kuhesabu upepo. Ni kama kupika pilau: mchele hauingii chunguni kabla kitunguu hakijabadilika rangi, hata ukiita wapishi wanane jikoni.

Kwa hiyo prosesa ya viini kumi na sita haitaishinda ya viini vinne katika kazi hii, ikiwa kila kiini chake kina kasi ileile. Viini vinne vinatosha: kimoja cha safari yenyewe, vingine vya kupakia ardhi na kuiendesha Windows. Kinachofuata ni kukitafuta kiini chenye kasi.

Gigahezi peke yake hazitoshi

Wengi hukosea hapa, kwa sababu tangazo la duka hutaja gigahezi na idadi ya viini, kisha linanyamaza. Gigahezi ni idadi ya mapigo ya saa ya prosesa katika sekunde. Haisemi kazi gani inafanyika katika kila pigo. Core 2 Duo ya gigahezi 2.4 iliishinda Pentium 4 ya 3.8 kwa sababu ilikamilisha kazi nyingi zaidi kila pigo, na kila kizazi kilichofuata kimeongeza kidogo juu ya hapo. Kasi ya kweli ya kiini ni vitu viwili vikizidishwa: mapigo, na kazi ya kila pigo.

Chukua mfano wa mashine mbili ambazo mtu anaweza kukutana nazo katika soko la kompyuta zilizotumika. Ya kwanza ina Xeon E5-2660 ya mwaka 2012: viini 8, gigahezi 2.2 ambazo zinaweza kupanda hadi 3.0. Ilikuwa prosesa ya seva, kasha la mashine ni kubwa, na jina la Xeon lina heshima. Ya pili ni kompyuta ndogo ya ofisini yenye Core i5-8500 ya mwaka 2018: viini 6, gigahezi 3.0 zinazopanda hadi 4.1. Kwa kuhifadhi data za kampuni au kuwahudumia watu wengi kwa pamoja, ya kwanza ilikuwa na hoja. Kwa simuleta hii, ya pili inashinda kwa mbali, kwa sababu ina mapigo mengi zaidi na kila pigo linafanya kazi kubwa zaidi.

Kwenye laptopu, soma herufi ya mwisho ya jina la prosesa. Core i7-7500U, kwa mfano, ina viini viwili tu na imepangiwa wati 15, ingawa kibandiko cha i7 kinavutia macho. Kiini chake kinaweza kufika gigahezi 3.5, lakini safari ndefu ya simuleta hukipasha moto, na prosesa ikipata moto hupunguza mapigo yake yenyewe ili isiungue. Katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari, jambo hilo halichelewi kutokea. Kompyuta ya mezani yenye feni nzuri ina pumzi ndefu, na ikiharibika inatengenezeka.

Ramu na ukuta wa gigabaiti 4

Mtu akiona onyo kwamba kumbukumbu imekwisha, hukimbilia kuongeza ramu. Kwa Flight Simulator X, mara nyingi dawa hiyo haigusi ugonjwa. Programu hii ni ya biti 32. Anwani za biti 32 haziwezi kutaja zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu, hata kama kompyuta ina gigabaiti 64. Kwenye Windows ya biti 32 hali ni ngumu zaidi, kwani kwa kawaida programu hupewa gigabaiti 2 tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuwa na Windows ya biti 64, ambayo huiachia simuleta iliyosasishwa gigabaiti zake zote 4. Ramu ya gigabaiti 8 inaitosheleza pamoja na Windows yenyewe. Ukipata 16 kwa bei nzuri, kompyuta itakufaa kwa kazi nyingine, lakini simuleta haitaiona tofauti. Ramu iwe ya vipande viwili vinavyolingana badala ya kimoja, kwa sababu prosesa husoma vipande viwili kwa pamoja.

Onyo likiendelea baada ya hapo, punguza mzigo ulioubeba: mandhari za kuongezewa usizozitumia katika safari hiyo, picha za mwili wa ndege zenye ukubwa uliopita kiasi, na umbali wa ardhi inayochorwa kwa undani.

Kadi ya picha: ya kiasi inatosha

Kadi ya picha inapokea maagizo kutoka kwa kiini kile kimoja. Kiini kikichelewa, kadi inakaa ikingoja, iwe ya bei ndogo au ya bei ya pikipiki. Mambo ambayo kadi inayabeba yenyewe ni ukubwa wa picha kwenye skrini, mawingu mazito, na kulainisha kingo za vitu. Kwa skrini moja ya kawaida, kadi ya wastani inayabeba yote hayo.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni kama kadi itaingia. Kompyuta nyembamba za ofisini hupokea kadi fupi tu, na pawa saplai zake mara nyingi hazina waya wa ziada wa kuilisha kadi. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 zisizozidi, basi tafuta kadi inayoishi ndani ya kiwango hicho. GTX 1050 Ti ni mfano mmoja, kwani matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. GT 1030 hutumia takribani wati 30 na hupatikana katika umbo fupi, lakini imetolewa kwa namna mbili: yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye DDR4. Ya pili ni dhaifu sana kuliko ya kwanza, na jina kubwa kwenye boksi ni lilelile. Soma maandishi madogo kabla ya kulipa.

SSD hununua subira

Kuhamisha simuleta kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD, diski isiyozunguka, hupunguza sana muda wa kusubiri safari ianze, na ardhi hufika ikiwa safi badala ya kubaki na ukungu chini ya ndege inayokwenda kasi. Idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa kwa sekunde, haiongezeki. Hata hivyo ninaipendekeza kwa moyo mmoja, kwa sababu ni badiliko la bei ndogo linalofaidisha kila kazi ya kompyuta.

Pima kabla hujalipa

Mwenye kompyuta tayari asinunue kitu bila kuiuliza kwanza. Anzisha safari juu ya mji, kisha bonyeza Shift na Z mpaka uone idadi ya fremu. Iandike. Punguza ukubwa wa picha ya skrini hadi wa chini, urudi mahali palepale angani. Fremu zikibaki zilezile, kadi yako haina kosa, na kuibadilisha ni kutupa fedha. Zikipanda sana, kadi ndiyo inayobana.

Baadaye fungua chombo cha Windows kinachoonyesha kazi za prosesa, na uonyeshe kila kiini peke yake. Usitazame jumla. Kwenye prosesa ya viini vinne, kiini kimoja kikiwa kimechoka kabisa na vingine vimetulia, jumla itasoma karibu asilimia 25, na mtu atadhani prosesa ina nafasi tele kumbe imefika mwisho.

Kisha anza na yasiyo na gharama kubwa. Safisha vumbi kwenye feni, na badilisha mafuta ya kupitisha joto juu ya prosesa kama yamekauka. Punguza magari ya barabarani na ndege za wengine, kwani zote zinakula kiini kilekile. Shusha wingi wa majengo na miti kwa hatua moja. Zuia fremu zisipite 30 kwa sekunde: simuleta itapata muda wa kupakia ardhi, na mwendo wa sawasawa unalipendeza jicho kuliko unaoruka kati ya 60 na 15.

Windows na nakala ya mchezo

Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache. Hii ni sababu nyingine ya kuipendelea i5-8500 kuliko ndugu zake wa zamani wanaofanana nayo kwa sura. Windows 11 yenyewe ni ya biti 64, na programu za biti 32 inaziendesha.

Kwa nakala, chukua toleo la Steam, lililotolewa na Dovetail Games Desemba 2014. Lina masasisho yote pamoja na nyongeza ya Acceleration, na halikulazimishi kuhangaika na DVD wala usajili wa mwaka 2006. Liweke katika folda yako mwenyewe, nje ya ile ya Program Files ambayo Windows huilinda, ili ndege na mandhari za kuongezewa ziandikike bila kuzuiwa.

Uamuzi

Aliye na kompyuta ya mezani yenye prosesa inayofaa atumie fedha yake kwa mpangilio huu: SSD, kipande cha pili cha ramu kama hana, halafu kadi ya kiasi ikiwa kipimo kimeonyesha kwamba kadi ndiyo inabana. Aliye na prosesa ya polepole asiipambe kwa vifaa. Aweke fedha hiyo, auze mashine, anunue nyingine yenye kiini chenye kasi. Anayeanza upya aanzie kompyuta ya mezani ya ofisini ya kizazi cha nane au zaidi, yenye gigabaiti 8 za ramu na SSD, na kadi aiongeze baadaye.

Kanuni hii haiishii kwenye ndege. SimCity 4 ya mwaka 2003 nayo hutegemea kiini kimoja, na kwenye prosesa za viini vingi wachezaji wake huiamuru itumie kimoja tu ili isizimike ghafla. Michezo ya namna hii haibadiliki tena, kwa hiyo ukishajua inakobanwa, maarifa hayo hayachakai. Muuzaji akikutajia idadi ya viini na ukubwa wa ramu, msikilize hadi mwisho, kisha mwombe jina kamili la prosesa, namba na herufi zake zote, ujue kiini chake kimoja kina kasi gani.