Rwanda hakuna "mbunge wetu": Lalamiko la mfanyabiashara wa mpakani hupita wapi?

KIGALI: Mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Mutukula akizuiwa mpakani huku mzigo wake ukianza kuoza, anajua wa kumlalamikia. Ni mbunge wa jimbo lake. Atampigia simu, atamsubiri ofisini, na kampeni zikifika atamkumbusha ahadi alizotoa. Bungeni, mheshimiwa huyo husimama na kutaja watu wa jimbo lake hata kabla ya kutaja tatizo lenyewe.

Rwanda mambo ni tofauti. Mama anayevusha mboga Rubavu, kijana wa Gicumbi anayesubiri mzigo kutoka Kabale na mwenye duka wa Kirehe anayepokea bidhaa kupitia Rusumo hawana mbunge wa jimbo, kwa sababu nchi haina majimbo ya namna hiyo. Wana wabunge 80, na kwa mujibu wa Katiba kila mmoja wao anawakilisha taifa zima, si waliomchagua peke yao wala chama kilichomsimamisha.

Jambo hili linamhusu pia mfanyabiashara Mganda, Mtanzania au Mkongo, ingawa hapigi kura Rwanda. Mshirika wake wa upande wa pili anapiga. Amri ya mpakani ikiwaumiza wote wawili, ni vyema ijulikane kilio cha huyo mshirika kinaweza kufika wapi, na kwa njia gani.

Viti 80, jimbo hakuna

Katika uchaguzi wa Julai 2024, viti 53 kati ya 80 vilijazwa kwa orodha za vyama. Mpiga kura huchagua orodha, si mtu, na viti hugawanywa kwa uwiano wa kura kwa waliofikia asilimia 5. Chama tawala cha RPF-Inkotanyi na washirika wake walipata viti 37. PL na PSD walipata vitano kila kimoja, na PDI, chama cha Kijani na PS-Imberakuri viwili kila kimoja.

Viti 24 ni vya wanawake, viwili vya vijana na kimoja cha watu wenye ulemavu. Viti hivyo 24 vya wanawake ndivyo vinavyokaribia zaidi maana ya jimbo. Vimegawanywa kwa mikoa: sita Mashariki, sita Kusini, sita Magharibi, vinne Kaskazini na viwili Jiji la Kigali. Wanaowachagua ni wajumbe wa mabaraza ya serikali za mitaa na ya wanawake, si umma wote. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Rubavu au Rusizi anaweza kusema kuna wabunge sita waliotokana na mkoa wake, ingawa hakuna hata mmoja aliye wa Rubavu peke yake.

Kwa jumla wanawake walishika viti 51 kati ya 80, na Agosti mwaka huo Baraza la Wabunge likamchagua Gertrude Kazarwa kuwa Spika. Kwa biashara ndogo ya mpakani, ambayo kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa akina mama, wingi huo si jambo dogo. Hata hivyo, wingi wa wanawake bungeni hauna maana kwamba tatizo la kituo fulani cha forodha lina mtu maalumu wa kuliulizia.

Kutoka umudugudu hadi Kimihurura

Bunge la Rwanda liko Kimihurura, wilayani Gasabo. Kata jirani ni Kacyiru, iliko Village Urugwiro, yaani ofisi ya Rais, pamoja na wizara kadhaa. Kwa pikipiki ni mwendo mfupi. Lalamiko la kijijini huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu huanzia chini kabisa na kupanda ngazi moja baada ya nyingine.

Ngazi ya kwanza ni umudugudu, yaani kijiji, kisha akagari, kisha umurenge ambao ni sawa na kata, kisha akarere ambayo ni wilaya. Nchi nzima ina wilaya 30 na kata 416. Mikutano ya wananchi, inteko z'abaturage, ndiyo mahali pa kawaida pa kutoa malalamiko, na mengi humalizwa huko huko. Lisilomalizwa hufika baraza la wilaya, Njyanama. Wilaya ya mpakani ina sababu zake za kulisukuma, kwa sababu soko likifa na mapato yake nayo hupungua.

Njia ya pili ni ziara za wabunge. Vikao vinapositishwa, wabunge hutawanyika wilayani kukagua miradi na kusikiliza wananchi. Wakirudi Kigali, waliyoyakuta hupelekwa kwenye kamati. Kutoka hapo Katiba inawapa silaha kadhaa: swali la mdomo, swali la maandishi, kumwita waziri mbele ya kamati, tume ya uchunguzi, na kumtaka Waziri Mkuu au waziri ajieleze mbele ya Bunge.

Njia ya tatu ni barua na ombi la wananchi. Mwaka 2015 Bunge lilipokea maombi yenye sahihi zaidi ya milioni 3.7 yakitaka kifungu cha 101 cha Katiba, kilichoweka ukomo wa vipindi vya urais, kibadilishwe. Kura ya maoni ikafanyika Desemba mwaka huo huo. Hakuna ombi la wafanyabiashara litakalopata wingi huo wala msukumo wa kisiasa wa namna ile, lakini mlango ulioingiza maombi yale ni huo huo.

Mfano wa karibu zaidi na mfuko wa mwananchi ni kodi ya ardhi. Sheria ya 2018 iliruhusu itozwe hadi faranga 300 kwa mita ya mraba. Wananchi walilalamika kwa miaka kadhaa. Mwaka 2023 sheria mpya ikashusha kiwango cha juu hadi faranga 80. Kilio kilisikika, lakini kilichukua karibu miaka mitano, na kilikuwa cha nchi nzima.

Gatuna, miaka mitatu

Ugumu unakuja pale kilio kinapokuwa cha ukanda mmoja tu. Mwishoni mwa Februari 2019, Rwanda ilizuia malori kupita Gatuna, mpaka wake mkuu na Uganda, na kuwashauri raia wake wasiende huko. Maelezo ya kwanza yalihusu ujenzi wa kituo cha huduma za pamoja mpakani. Baadaye ikawa wazi kwamba mgogoro ulikuwa wa kisiasa. Kigali iliishutumu Kampala kwa kuwakamata na kuwatesa Wanyarwanda na kuwahifadhi wapinzani wake wenye silaha. Kampala ilikana, nayo ikalalamikia ujasusi.

Walioumia kwanza ni watu wa Burera, Gicumbi na Nyagatare, waliozoea kuvuka kwa chakula, matibabu, ndugu na biashara, pamoja na wenzao wa Kabale na Kisoro. Suala hilo halikumalizwa na swali la mbunge katika nchi yoyote. Lilijadiliwa na marais mjini Luanda Agosti 2019, kisha hapo hapo Gatuna Februari 2020. Mpaka ulifunguliwa tena Januari 31, 2022, baada ya ziara ya Muhoozi Kainerugaba mjini Kigali, na usafiri wa kawaida wa watu kwa njia ya nchi kavu ukarejea Machi mwaka huo.

Ni kweli kwamba hata mbunge wa jimbo asingeufungua mpaka uliofungwa na marais. Mfanyabiashara wa Kenya au Tanzania anajua vizuri majibu ya mawaziri kwamba serikali inalifanyia kazi suala hilo. Tofauti iko kwenye siku ya kura. Mbunge wa jimbo la mpakani aliyekaa kimya kwa miaka mitatu angelazimika kujieleza kwa waliofilisika. Chini ya mfumo wa orodha, hakuna mbunge ambaye kiti chake kinategemea Gatuna. Watetezi wa mfumo huo wanasema unaepusha siasa za ukabila na ukanda, hoja nzito katika nchi iliyopitia mauaji ya kimbari ya 1994. Gharama yake ni kwamba tatizo la ukanda mmoja linakosa mwenyewe bungeni.

Na hatari haijaisha. Januari 11, 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda, ikiishutumu kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, madai ambayo Rwanda ilikanusha. Wafanyabiashara wa pande zote mbili wakajikuta pale walipokuwa wenzao wa Gatuna miaka mitano kabla.

Arusha nako

Kila nchi mwanachama ina wabunge tisa wa kuchaguliwa katika Bunge la Afrika Mashariki, EALA, ambao huchaguliwa na bunge la nchi yao. Nao pia hawana jimbo, lakini kazi yao ni mipaka yenyewe. Bunge hilo lilipitisha sheria ya vituo vya huduma za pamoja mpakani ya 2013, na Jumuiya ina sheria ya 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha. Afisa anayedai karatasi isiyotakiwa anaweza kuwa anavunja sheria ya Jumuiya, si kumsumbua mtu tu.

Ipo pia Mahakama ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 30, unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria, amri au kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba. Sharti linalowaangusha wengi ni muda: miezi miwili tangu amri itolewe au tangu mlalamikaji aijue.

Kwa hiyo anayefanya biashara na Rwanda asipoteze siku akimtafuta mbunge wa eneo. Ushirika una nguvu kuliko mtu mmoja, kwa sababu mbunge anayewakilisha taifa zima anahitaji kuonyeshwa kwamba tatizo si la duka moja. Lalamiko liwe na tarehe, jina la kituo, aina na thamani ya mzigo, na nakala ya cheti cha uasilia. Mzigo usiozidi dola 2,000 unaotoka ndani ya Jumuiya una utaratibu wake rahisi, na afisa akiukataa hilo litajwe waziwazi. Barua ianzie wilayani, nakala iende kwa wabunge wanawake wa mkoa husika na kwenye kamati ya Bunge inayoshughulikia biashara. Mshirika wa ng'ambo naye ampelekee mbunge wa jimbo lake, kama anaye. Swali moja likiulizwa Kampala au Dodoma na Kigali wiki hiyo hiyo, ni vigumu waziri yeyote kudai kwamba hakuwahi kulisikia.