Oostende: kituo ambapo treni inakutana na bahari



Katika mkutano wetu uliopita mama mmoja alitupitishia simu yake ili tuone picha. Ni wajukuu wake wanaoishi Bruxelles, wamekaa kwenye mchanga, na nyuma yao bahari haina mwisho. Tukamuuliza, "Hapo ni wapi?" Akajibu kuwa ni Oostende; walienda asubuhi kwa treni na jioni walikuwa nyumbani. Wengi wetu tuna dada, binti au shemeji kule Ubelgiji, na kila majira ya joto jina hilo linarudi. Basi leo tuingie ndani ya kituo hicho.

Treni ya kwanza ya Ubelgiji ilianza mwaka 1835, kati ya Bruxelles na Malines. Miaka 3 tu baadaye, 1838, reli ilikuwa imefika Oostende. Haraka hiyo yote ilikuwa ya nini? Ng'ambo ya maji kuna Uingereza. Tangu 1846 meli za serikali ya Ubelgiji zilivuka kwenda Dover, na abiria alishuka kwenye treni akapanda meli. Ndugu zetu wa Kalemie wanaelewa haraka jambo hili, maana kwao pia reli inayotoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915 ili mizigo na watu waendelee kwa meli. Oostende ni hivyo hivyo, ila maji yake ni ya chumvi. Kuanzia 1894 kulikuwa hata na treni ya kifahari iliyotoka hapo hadi Vienna, katika nchi ya Austria.

Jengo kubwa la mawe tunaloliona leo lilifunguliwa mwaka 1913. Lilijengwa ili kuwapokea watajiri waliokuja kupumzika ufukweni. Lakini Agosti 1914 vita vikaingia, na Oktoba, Wajerumani walipokaribia, waliojaa hapo walikuwa akina mama wenye mafurushi kichwani na watoto mkononi, wakitafuta nafasi katika meli za kwenda Uingereza. Katika vita hivyo Wabelgiji karibu 250.000 walikimbilia Uingereza, na wengi walipitia bandari hiyo. Mama wa Goma au wa Bukavu hana haja ya kuelezwa picha hiyo. Mimi binafsi, tangu nijue habari hiyo, siwezi tena kukiona kama kituo cha watu wa likizo tu.

Meli za serikali zilisimama mwaka 1997, miaka 3 baada ya kufunguliwa kwa reli inayopita chini ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Kituo kikabaki na watu wa ufukweni, na hao ni wengi. Kutoka Bruxelles safari inachukua saa 1 na robo hivi, ikipitia Gand na Bruges. Reli inaishia hapo, kwa hiyo hata ukisinzia huwezi kupitishwa.

Shida iko kwenye majina. Huko ni upande wa watu wanaosema Kiholanzi, na mama aliyezoea Kifaransa anaweza kusimama mbele ya ubao asielewe kitu. Bruges inaandikwa Brugge, Gand ni Gent, Liège ni Luik. Wakati wa kurudi, anayetafuta Bruxelles-Midi atafute Brussel-Zuid. Mwandikieni binti yenu kabla hajaenda na watoto mara ya kwanza.

Watoto wa chini ya miaka 12 wamekuwa wakisafiri bure wakiwa na mtu mzima mwenye tiketi, na hiyo ndiyo sababu familia za kipato kidogo zinaweza kuiona bahari. Mwenye ulemavu au mzee asiyeweza ngazi anaweza kuomba msaada wa kupanda na kushuka, ila aombe mapema, si akiwa tayari amefika. Siku za jua kali shirika la reli linaongeza treni, na bado zinajaa. Siku hizo, andika namba yako ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu, na maji na chakula utoke navyo nyumbani.

Nje ya kituo kuna tramu ya pwani, inayofuata bahari karibu kilometa 67, kutoka Knokke hadi De Panne. Ukiona mchanga wa Oostende umejaa, unapanda tramu na kushuka mahali penye nafasi. Wasiotaka tramu wanatembea kwa miguu kupita gati ya wavuvi, wanakouza samaki na kamba, na baada ya dakika 15 hivi wako ufukweni.

Wakiendelea kutembea kando ya bahari, watoto watakutana na sanamu ya mfalme Léopold II juu ya farasi. Iliwekwa mwaka 1931. Chini yake, upande mmoja kuna wavuvi wa Oostende, upande mwingine Wakongo, wote wanaonyeshwa wakimshukuru. Mfalme huyo aliupamba mji wa Oostende kwa fedha zilizotoka katika Kongo yake, wakati watu wetu walikuwa wanakatwa mikono kwa ajili ya mpira. Mwaka 2004 wanaharakati wa hapo hapo walikata mkono wa Mkongo mmoja wa sanamu hiyo, ili wapitao wakumbuke.

Yule mama wa picha alituambia mjukuu wake aliuliza kwa nini mtu yule hana mkono. Binti yake alimjibu kwamba watazungumza ndani ya treni. Na walizungumza, kutoka Oostende hadi Gand, mpaka mtoto akalala.