Mzio, na Namna ya Kujinyima Chakula kwa Akili

Watu wawili huweza kuketi kwenye sinia moja, wakala chakula kimoja kilichopikwa katika chungu kimoja. Mmoja huinuka ameshiba, akaenda zake kazini. Wa pili hata hajanawa mikono, tumbo limeanza kumsokota, au ngozi inamwasha, au kifua kinambana. Chakula hakikuoza, wala mpishi hakutia sumu. Mbona basi kimemfaa mmoja na kumdhuru mwenziwe?

Neno la jambo hili limo katika Kiswahili tangu zamani. Chakula ambacho mtu hukiepuka kwa kuwa kwake hakifai, huitwa mzio wake. Waganga wa siku hizi wamelichukua neno hilo hilo, wakalitumia katika elimu yao. Lakini elimu hiyo yatufundisha kwamba si kila chakula kinachomsumbua mtu humsumbua kwa njia moja. Asiyejua njia hizo huweza kujinyima chakula bure, au kula kile ambacho kitamwua. Kwa hiyo na tuzitazame njia nne.

Ya kwanza ni mzio wenyewe. Ndani ya mwili mna kinga, ambayo kazi yake ni kama ya askari walindao mji: hupigana na vijidudu vya ugonjwa. Lakini pengine askari hao hukosea, wakamdhania mgeni mwema kuwa ni adui. Karanga, au yai, au maziwa, au samaki akiingia, hupiga mbiu ya vita. Midomo huvimba, ngozi hutoka mabaka yenye kuwasha, na koo huweza kuziba hata mtu akashindwa kuvuta pumzi. Mambo hayo yaweza kutokea katika dakika chache, na punje moja ya karanga yaweza kutosha kuyaleta. Mtu wa namna hii hana ruhusa ya kuonja hata kidogo. Dawa ya kumwokoa ni sindano ya adrenalini, tena upesi.

Ya pili ni upungufu wa kitu mwilini. Maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi. Ili sukari hiyo ifae, hapana budi ikatwe vipande katika utumbo, na mwili una kitu maalum cha kuikata. Watoto wachanga wanacho tele, lakini watu wazima wengi wanacho kidogo tu. Kwao sukari hushuka bila kukatwa, ikachachuka ndani, ikaleta hewa na maumivu na kuhara. Hapa hapana vita, wala hapana hatari ya kufa. Mtu huyu pengine aweza kunywa maziwa kidogo bila dhara, na maziwa ya mgando mara nyingi humfaa kuliko maziwa mabichi.

Ya tatu ni madawa yatiwayo katika vyakula, na moshi na harufu tuvutazo puani. Matunda makavu na vinywaji vingine hutiwa salfaiti, ili visiharibike rangi wala visioze. Watu wengi hawaoni neno, lakini baadhi ya wenye pumu hubanwa kifua. Mwaka 1986 serikali ya Marekani ilikataza dawa hiyo kutiwa katika matunda na mboga ziliwazo mbichi, kwa sababu watu walikuwa wameumizwa nayo. Kadhalika moshi wa kuni, rangi mpya za kupaka nyumba, na manukato makali huwasumbua wenye pumu, ijapokuwa havikuingia kinywani.

Ya nne ni ugonjwa wa siliaki, na habari zake zinastahili kusimuliwa kwa urefu, maana ndizo zitufundishazo namna ya kutafuta chakula chenye kudhuru.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, waganga waliwaona watoto ambao baada ya kuanza kula mkate na uji walidhoofika. Matumbo yao yalivimba, mikono na miguu ikawa kama vijiti, wakaharisha choo chenye mafuta. Samuel Gee, mganga wa London, aliuandika ugonjwa huo vizuri mwaka 1888. Hata akasema kwamba mgonjwa akiweza kuponywa, ataponywa kwa njia ya chakula. Lakini chakula gani? Hakujua, na watoto wengi waliendelea kufa.

Mwaka 1924 mganga wa New York, jina lake Sidney Haas, aliandika habari za watoto aliowalisha ndizi nyingi, akawanyima mkate na viazi na nafaka. Wakanenepa. Haas akasadiki kwamba ndizi ndiyo dawa. Hebu fikirini: je, waliponywa na ndizi walizopewa, au na mkate walionyimwa? Mambo mawili yalikuwa yamebadilika pamoja, na Haas akatazama moja tu. Mtoto aliyeonekana kupona, akiurudia mkate, huweza kuugua tena.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Willem-Karel Dicke, mganga wa watoto katika mji wa The Hague, nchi ya Uholanzi. Tangu kabla ya vita kuu ya pili alianza kuishuku ngano, na mwaka 1941 aliandika juu ya kuwalisha watoto hao bila mkate. Kisha ikaja njaa. Mwisho wa mwaka 1944 majeshi ya Ujerumani yalizuia vyakula visiingie magharibi ya Uholanzi. Katika baridi ile kali watu walikula hata mizizi ya maua, na watu kama 20,000 walikufa. Unga wa ngano ukawa adimu sana. Lakini Dicke aliona ajabu: wakati watoto wazima walipokonda, watoto wa siliaki hawakuzidi kuugua, bali walipata nafuu. Na mkate uliporudi, ugonjwa wao ukarudi nao.

Mtu mwingine angalitangaza shauri lake siku ile ile. Dicke hakufanya hivyo. Aliwapa watoto chakula bila ngano kwa muda, kisha akawarudishia ngano, kisha akaiondoa tena. Kila mara aliwapima uzito na urefu, na wenzake wakayapima mafuta yaliyotoka katika choo. Ngano ikiingia, mtoto hudhoofika. Ngano ikitoka, mtoto hukua. Mwaka 1950 aliyaandika hayo katika kitabu chake cha kupata shahada. Baadaye kidogo yeye na wenzake, Weijers na van de Kamer, walionyesha kwamba kidhuru kimo katika gluteni, yaani ule ulimbo unaofanya unga wa ngano unate na kuvutika ukikandwa.

Leo twajua inavyokuwa. Ukuta wa ndani wa utumbo una vinyweleo vidogo sana, vilivyosongamana kama nyuzi za zulia, navyo ndivyo vinyonyavyo chakula. Kwa mwenye siliaki, gluteni huwaamsha askari wa mwili, wakavifyeka vinyweleo hivyo. Chakula hupita tu bila kunyonywa, na mtu hufa njaa hali anakula. Gluteni ikiondolewa kabisa, vinyweleo huota tena. Lakini mgonjwa hana budi kuiacha maisha yake yote.

Basi mtu akitaka kuanza kujinyima chakula kwa ajili ya afya yake, afanyeje? Albert Rowe, mganga wa Oakland katika California, aliwafundisha wengi njia ya kuondoa vyakula na kuvirudisha, na mwaka 1931 alitoa kitabu juu ya mzio wa chakula. Njia hiyo ingali inatumika, nayo ina hatua zake.

Hatua ya kwanza ni kumwendea mganga kabla ya kuacha kitu. Aliyewahi kuvimba midomo au kuzibwa pumzi asijijaribu nyumbani hata siku moja. Na yeye anayeshuku siliaki asiache ngano kabla ya kupimwa, maana damu hupimwa mtu akiwa bado anakula ngano. Akiiacha mapema, alama za ugonjwa hufifia, na mganga huweza kumwambia kwamba ni mzima.

Hatua ya pili ni kuandika. Kwa muda wa wiki 1 au 2 mgonjwa huandika katika daftari kila alacho na saa aliyokila, pamoja na viungo, vinywaji na dawa. Tena huandika sabuni aliyoogea, moshi uliokuwa jikoni, na rangi iliyopakwa chumbani. Kando yake huandika maumivu na saa yalipoanza. Mara nyingi daftari huonyesha jambo ambalo hakuna aliyelifikiri.

Hatua ya tatu ni kubadili kwa mpango. Mtu akiacha maziwa, akabadili sabuni, akahamia chumba kisicho na moshi, yote siku moja, kisha akapata nafuu, atajuaje kilichomponya? Atakuwa kama Haas na ndizi zake. Atajifunga kwa miiko mingi, kumbe mmoja tu ulitosha. Ikiwa moshi ndio mshtakiwa, aanze na moshi, na chakula akiache kama kilivyo.

Hatua ya nne ni kushika sana katika muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni wiki 2 hadi 4. Hapa macho yanatakiwa. Mwenye kuacha ngano huacha mkate, chapati, maandazi, sambusa na tambi. Na kama ana siliaki, huacha shayiri pia. Tena unga wa uji uliochanganywa wa dukani huweza kuwa na ngano ndani yake, na mahindi yakisagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano, hutoka na vumbi la ngano. Yafaa kusoma maandishi ya kila pakiti na kumwuliza msagaji.

Hatua ya tano ndiyo inayosahauliwa na wengi: kurudisha. Mganga akikubali, chakula kimoja hurudishwa, kikatazamwa kwa siku kama 3, ndipo kingine hufuata. Maumivu yakirudi, mshtakiwa amepatikana. Yasiporudi, chakula hicho hakina hatia, na chapasa kufunguliwa kama mfungwa aliyeshinda kesi. Wapo watu ambao huongeza vyakula gerezani kila mwezi wala hawafungui hata kimoja, mpaka wakabaki na aina tatu au nne tu, wamekonda, tena wanaogopa kila sahani. Kujinyima kwa namna hiyo ni ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Hatua ya sita ni kujaza pengo. Kila chakula kilichoondolewa kilikuwa na kazi yake. Aliyeacha maziwa amepoteza chokaa ijengayo mifupa. Basi na ale dagaa pamoja na mifupa yao, na mboga za majani. Aliyeacha mayai au samaki na ale maharage, kunde na choroko. Na aliyeacha ngano katika nchi zetu ana bahati kuliko watoto wa Dicke, kwa kuwa mahindi, mchele, mtama, ulezi, mhogo, viazi na ndizi havina gluteni. Mtoto hasa asinyimwe kitu bila kupewa badala yake, maana mwili wake bado unajengwa, na jengo halingoji.

Wala msidhani kwamba kuepuka chakula ni salama siku zote. Kwa miaka mingi waganga wa Uingereza waliwashauri wazazi wenye watoto wa hatari wasiwape karanga wakiwa wadogo. Lakini mwaka 2015 waganga wa London walitoa habari za watoto wachanga 640, wote wenye hatari ya mzio, ambao walipimwa kwanza, kisha wakagawanywa sehemu mbili. Sehemu moja walilishwa vyakula vya karanga tangu uchanga. Sehemu ya pili walinyimwa. Walipofika umri wa miaka 5, katika kila 100 ya walionyimwa, kama 17 walikuwa na mzio wa karanga. Katika kila 100 ya waliolishwa, kama 3 tu. Woga ulikuwa umeleta kile kilichoogopwa.

Limebaki neno moja kwenu ninyi mnaokula pamoja na wenzenu shuleni. Kwetu mtu akikataa chakula, mwenyeji huweza kuona amedharauliwa. Lakini mwenzako akisema, "Samahani, karanga ni mzio wangu," usimcheke ukasema anadeka, wala usimtilie kwa siri katika mboga ili kumjaribu. Mzaha huo waweza kumwua kabla mwalimu hajafika. Naye mgonjwa asione haya kusema mapema, kabla sahani haijaletwa, wala asifiche daftari lake. Dicke aliwaokoa watoto kwa kutazama kwa subira, kuandika aliyoyaona, na kutoamini shauri lake mwenyewe mpaka alipolijaribu mara nyingi. Anayejinyima kwa njia hiyo huacha kile tu kinachomdhuru, na vingine vyote hula kwa furaha pamoja na wenziwe.