Mzabibu Usiojua Baridi

Uwanda wa kati wa Tanzania, ambao Dodoma ndiyo moyo wake, una msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua hiyo kwa kawaida huanza Desemba na kukoma Aprili, na jumla yake, ambayo kwa wastani haifiki milimita 600, huja kwa siku chache zilizoachana kiasi kwamba mkulima hulitazama kila wingu kama mgeni anayeweza kupita bila kubisha hodi. Pwani ina vuli na masika; Dodoma ina masika peke yake, na nyuma yake kiangazi cha miezi saba kinachoanza na upepo mkavu na usiku wa baridi wa Juni na Julai, majira yanayoitwa kipupwe, kisha kikaishia katika joto na vumbi la Oktoba na Novemba. Mwaka uliokatwa vipande viwili visivyofanana namna hii huleta swali linalowagusa wote wanaoishi kwa kalamu, kamera na kompyuta bila kuajiriwa: je, kubadilika kwa majira huamsha kweli nguvu ya ubunifu iliyochoka, na kama huiamsha, huiamsha kwa njia gani?

Kazi ya kujitegemea, kwa maana inayotumika hapa, ni ya mtu asiye na mwajiri mmoja, ambaye huuza ujuzi wake kwa kipande cha kazi: mwandishi anayelipwa kwa makala, mpiga picha wa harusi na semina, msanifu wa nembo na mabango, mhariri wa video, mtafsiri wa ripoti, mshereheshaji. Mtu huyu ana uhuru ambao aliyeajiriwa huutamani, lakini amekosa jambo moja ambalo aliyeajiriwa hulipata bila hata kulifikiria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo yenye malipo, yaani humwekea mahali ambapo kazi hukatika na baadaye kuanza upya. Anayejitegemea hana mkato huo. Mwezi wenye kazi huufanya usiku na mchana kwa sababu hajui mwezi ujao utaleta nini, na mwezi usio na kazi hapumziki, bali huukesha akiitazama simu.

Maelezo mengi kuhusu majira na hali ya akili yametoka nchi za kaskazini ya mbali, na hayafai kuhamishiwa Dodoma bila kupimwa. Mwaka 1984 daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza aina ya huzuni inayorudi kila majira ya baridi, mchana unapokuwa mfupi, na kupungua mwanga unapoongezeka. Katika nchi hizo mchana wa Desemba na wa Juni hutofautiana kwa saa nyingi, hivyo ni rahisi kuelewa kwa nini watu husema kwamba akili zao huamka pamoja na jua. Dodoma iko takriban nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki dakika 45. Jua la hapa halimkimbii mtu. Kama kuna kinachobadilika katika akili ya mbunifu wa uwanda huu mwaka unapogeuka, sababu yake itafutwe kwingine.

Sehemu ya kwanza ya kuitafuta ni mvua yenyewe. Harufu inayopanda udongo mkavu unapopigwa na matone ya kwanza ilichunguzwa na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, ambao mwaka 1964 walionyesha kwamba mafuta ya mimea yaliyojikusanya katika mawe na udongo wakati wa ukavu huachiwa hewani unyevu unapoingia. Huchanganyika na geosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, ambayo pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Lakini harufu hiyo hudumu kwa dakika tu, ilhali nguvu ya kazi inapaswa kudumu kwa miezi. Kinachodumu ni kwamba, kwa watu wa Ugogo, nchi ya Wagogo katika uwanda huu, mvua hubadilisha kazi yenyewe.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika muziki. Wagogo wanajulikana duniani kwa uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana na kuingiliana, kwa zeze, na kwa ilimba, ala ya vibati vilivyopangwa juu ya sanduku la mbao, ambalo matundu yake huzibwa kwa utando wa buibui ili kila noti ibaki na mvumo nyuma yake. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliutoa muziki huo Dodoma akaufikisha Bagamoyo na kwenye majukwaa ya Ulaya. Albamu yake ya Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996. Anayeusikia katika rekodi huweza kudhani kuwa ni muziki wa wakati wowote. Kijijini una wakati wake. Wapigaji ni wakulima na wafugaji, na mvua inaponyesha mikono yao iko kwenye jembe, kwa kuwa mtama na uwele visipopandwa na kupaliliwa katika wiki chache zinazofaa, nyumba italala njaa mwaka mzima. Ngoma kubwa, na hasa zile zinazoambatana na jando na unyago, husubiri mavuno yaingie ghalani, chakula na pombe ya mtama vipatikane, na watu wapate nafasi ya kukaa pamoja mchana kutwa.

Hata ala zenyewe hushuhudia hilo. Ngozi ya ngoma hunywa unyevu wa hewa, hulegea na sauti yake huzama, ndiyo maana wanawake wanaopiga muheme, ngoma iliyobanwa kiuno inayoshikwa kati ya mapaja, huisogeza kwanza kwenye moto wa nyasi au kuiacha juani, huku wakiigonga kwa vidole na kuisikiliza, mpaka ikaze na kutoa mlio wanaoutaka. Hewa ya kiangazi huifanya kazi hiyo iwe nyepesi. Tamasha la muziki wa Wagogo, ambalo limekuwa likifanyika Chamwino tangu mwaka 2009 kwa juhudi za Kedmon Mapana, mwanazuoni wa muziki mwenye asili ya huko ambaye baadaye alikuja kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), nalo huitishwa katika miezi hiyo ya ukavu, vikundi vinapoweza kutoka vijijini bila kuacha shamba nyuma.

Pana hatari ya kulisoma jambo hili vibaya na kusema kwamba miezi ya jembe ni miezi iliyokufa kwa sanaa. Nyimbo za kiangazi huokotwa wakati wa masika: nani aliomba mbegu, mvua ilikatika wapi, ng'ombe wa nani waliingia katika shamba la nani. Mwanasaikolojia wa Uingereza Graham Wallas, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1926 kuhusu sanaa ya kufikiri, aliigawa kazi ya ubunifu katika hatua nne, nazo ni maandalizi, kuatamia, mng'ao na uhakiki. Neno kuatamia linafaa sana, kwa sababu kuku anayelalia mayai huonekana kana kwamba hafanyi lolote, na mwenye haraka akimfukuza kila saa aone kama yameanguliwa, atapata mayai viza. Mtu aliyeyashughulikia mambo kwa bidii kisha akahamia kazi ya namna nyingine huyaacha yaendelee kujipanga bila yeye kuyasimamia. Jembe humpa mwimbaji wa Ugogo kipindi hicho bila yeye kukiomba.

Mboga ya mlenda nayo ina mafunzo yake. Wakati wa mvua majani yake huota kila mahali na huliwa mabichi, lakini mama wa nyumba ya Kigogo hayali yote: huyachuma, huyaanika juani, huyatwanga au kuyapukusa na kuyahifadhi, ili Septemba, ardhi ikiwa haina jani hata moja, awe na cha kutia chunguni. Mbunifu anayejitegemea ambaye Januari anarekodi sauti, anapiga picha za mabonde yaliyofunikwa kijani na kuandika maneno aliyoyasikia kwenye daladala bila kujua atayatumia wapi, anafanya kazi ileile ya kuanika. Wengi hawaifanyi, kwa kuwa haina mteja.

Mjini, hata hivyo, mwaka hauongozwi na mvua peke yake. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi baada ya tangazo la Julai 2016, na hasa baada ya Dodoma kutangazwa kisheria kuwa makao makuu ya nchi mwaka 2018, jiji limepata kalenda ya pili, nayo ni ya Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katika miezi hiyo mitatu nyumba za wageni hujaa, wizara na taasisi hutaka mabango, majarida, picha na video za mafanikio, na msanifu wa michoro aliyekuwa akikopa vocha mwezi Machi hujikuta akikataa kazi. Kwa sadfa ya kupendeza, miezi hiyo ndiyo ya mtama kukatwa na kupurwa: mkulima na msanifu huvuna kwa wakati mmoja, ingawa mmoja wao hajui kwamba anavuna na hudhani kwamba hali hiyo itaendelea.

Kinachofuata Julai ndicho kinachowatenganisha. Mkulima hujua kwamba amemaliza, akapumzika na kucheza ngoma. Anayejitegemea, ambaye skrini yake haina masika wala kiangazi na ambaye mteja wake hutaka kila kitu leo leo, hubaki mezani akifanya marekebisho ya saba ya kazi ileile, akishangaa kwa nini mawazo yamekauka wakati fedha ndiyo kwanza imeingia. Watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha mwaka 2014 kwamba watu huelekea kuanza juhudi mpya baada ya tarehe zinazotenga wakati, kama vile mwanzo wa wiki, wa mwezi, wa mwaka au wa muhula, kwa sababu tarehe hizo huwafanya waone makosa ya zamani kuwa yamebaki ng'ambo ya mpaka. Asiye na mpaka hana ng'ambo.

Hapa ndipo mzabibu unapoingia. Dodoma ndiyo nyumba ya zabibu nchini, tangu wamisionari wa Kikatoliki walipouleta mmea huo katika karne ya 20, na kituo cha utafiti cha Makutupora kimeufanyia kazi kwa miongo mingi. Katika nchi zake za asili mzabibu hulala: baridi huyaangusha majani, mti husinzia miezi kadhaa, na joto likirudi huchipua kwa nguvu moja. Dodoma haina baridi ya kiasi hicho. Mzabibu ukiachwa hapa huendelea kutambaa na kutoa majani, tawi hili likichanua huku lile likizeeka, na matunda yake huwa machache yasiyoiva pamoja. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi hufanya kwa mkasi kile ambacho hali ya hewa imekataa kumfanyia: huupogoa, yaani hukata matawi yaliyokwisha kuzaa na kubakiza vishina vifupi vyenye macho machache, na kwa mkato huo huuambia mti kwamba mwaka umekwisha. Takriban miezi minne baadaye zabibu huwa tayari, ndiyo maana uwanda huu huvuna mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Mgeni anayepita siku ya kupogoa hudhani shamba limeharibiwa. Matawi mabichi yamelala chini kwa marundo, mengine yakiwa na vikonyo ambavyo vingeweza bado kutoa kitu, na palipokuwa na kivuli panabaki mistari ya vigogo vilivyosimama juani kama vijiti vya uzio. Anayejitegemea ambaye hana likizo ya kisheria, wala jembe la kumtoa mezani, naye hana njia nyingine: huchagua siku, kwa mfano Jumatatu ya kwanza ya Julai, akafunga faili za bajeti ambazo bado zinaomba marekebisho, akakataa kazi moja au mbili ambazo zingelipa, akatenga kutoka katika mavuno ya Juni fedha ya kumfikisha Septemba, na kufungua mfuko wa alivyovianika Januari. Wiki mbili za kwanza hazitoi chochote cha kuonekana. Shambani nako, katika wiki mbili za kwanza baada ya kupogoa, mkulima hupita kila asubuhi kati ya mistari akiinamia macho ya vishina, na anachokagua ni kama yameanza kuvimba.